Mimi, Shamba la Baba na Wote Wanaonipinga

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Masika yameingia, na safari hii yamenikuta tayari. Miaka ishirini na sita niliitazama mvua kupitia dirisha la ofisi Kilindini, nikigonga mihuri kwenye karatasi za makontena ya watu. Desemba ofisi ikafungwa. Wenzangu walilia. Mimi sikulia, nilikuwa na mafua tu. Nilisema pale pale mlangoni, mbele ya wote: narudi kwenye ardhi! Ardhi yenyewe iko nyuma ya nyumba yetu hapa Tudor, hatua kumi na mbili kutoka jikoni.

Leo baada ya chai dada yangu Kavumbi ametuita mimi na mke wangu Everlyne. Dada ana miaka sitini na saba, na ndiye aliyelilima shamba hili tangu Baba alipofariki. Kipande kimoja cha mteremko: juu mawe, chini mikoko na maji ya bahari. Mahindi, kunde, mchicha, kuku, mbuzi jike mmoja. Majirani karibu wote wamejenga nyumba za kupangisha. Sisi bado twala kunde zetu wenyewe.

Sasa macho yake yameingia ukungu. Mtoto wa jicho. Amesema Jumatatu ya tarehe 28 anakwenda Kilifi kwa mwanawe, atapasuliwa huko na atakaa huko huko. Kabla ya kuondoka atamkabidhi mtu mmoja ufunguo wa kasha la mbegu. Na kama hamna anayestahili, shamba apewe yule bwana anayetaka mahali pa kuweka gereji.

Gereji! Juu ya jasho la Baba!

Ieleweke kasha hilo ni nini. Ni sanduku la Baba la bati. Ndani mna mbegu zote zetu, zimefungwa kwenye vitambaa na majivu, na Dada huvaa ufunguo shingoni kama mkufu. Mwenye ufunguo ndiye mwenye kauli: kipandwe nini, wapi, lini.

Nikanyoosha mkono. Dada akaupiga kofi. Amesema shamba ligawanywe mara mbili, nusu yangu, nusu ya Everlyne, naye atatazama shamba linamsikia nani. Everlyne ni mwalimu wa darasa la pili na shule zimefungwa jana. Huotesha maharagwe kwenye pamba! Nilimwonea huruma.

Nimechagua wa kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa nyumba. Nimechukua nusu ya chini. Tambarare, udongo mweusi, upepo mwanana. Everlyne abaki na mawe yake. Dada akaniuliza, "Wataka kweli huko chini, Lennox?" Nikasema nataka. Akaniuliza tena. Nikasema tena, kwa sauti zaidi.

Ng'ambo ya ua alikuwako jirani yetu Odera, mstaafu wa reli, akipalilia mahindi. Alipanda mapema kwa maji ya kisima, sasa mahindi yake yanafika gotini. Alikohoa. Mtu huyu hukohoa kwa makusudi.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeamka na mpango. Nimeuchora kwa rula, karatasi nne, kila tuta na namba yake. Matikiti! Kunde hata kuku aweza kuotesha. Tikiti ni zao la mtu anayeona mbali. Nimesoma kwenye simu kwamba linapenda udongo wa mtoni. Wa kwangu uko karibu na maji, basi ni ule ule.

Nimefunga kamba kutoka kwa mti hadi kwa mti ili mistari inyooke. Kazi ya saa tatu. Nilipoinua kichwa, Everlyne alikuwa ameshamaliza kupanda nusu yake nzima, mahindi na kunde katikati, pekupeku, kanga kiunoni. Mistari yake imepinda kama nyoka. Nilimwambia, kwa upole. Akasema ameifuata miamba. Eti mvua itashuka polepole ikipita pale. Nikamwambia mvua haina habari na miamba yake.

Alinipa chai na mhogo wa kuchemsha, kisha akanisaidia kuondoa kamba, maana nilikuwa nimejifungia upande wa ndani.

Nimepanda mashimo arobaini. Dada alishuka akipapasa kwa fimbo, akasimama kwenye ule ukuta mfupi wa mawe uliotenga shamba na mikoko. Amesema Baba aliujenga mwenyewe na nisiuguse. Nikamwuliza niuguse kwa nini. Amesema ananijua.

Alhamisi, 10 Aprili

Vita na kunguru.

Dada amenikabidhi vifaranga tisa nivichunge, kama sehemu ya mtihani. Amesema nivifunike na tenga kila mama yao anapotoka kuchakura. Tenga! Chombo cha tangu enzi za nyanya. Nikaviacha huru vipate afya. Kufikia saa nne vilikuwa saba. Kunguru wa mji huu hawaogopi mtu. Mmoja alinitazama usoni huku akinywa maji ya kuku wangu.

Nikakumbuka watu huku kwetu huvitia vifaranga rangi ili kunguru wasivitambue. Nikaenda mbio hadi Mji wa Kale, kwenye duka linalouza rangi ya kutilia ukindu wa mikeka. Nikachagua zambarau. Mwenye duka aliniuliza ni mikeka mingapi. Nikamwambia ni vifaranga saba. Akaniambia kijiko kimoja chatosha. Nikaona huyu ananibania, nikanunua pakiti tatu.

Zambarau gani hiyo! Vilitoka vimekoza kama biringani. Mama kuku alivitazama, akakaa kitako, akainuka, akavikubali. Kunguru naye alishuka kwenye ukuta, akavitazama sana, akageuza kichwa huku na huku. Nikaanza kucheka. Akachukua kilicho kinene kuliko vyote.

Kisha ikanyesha. Vifaranga sita vilivyobaki vikakimbilia mahali pakavu chini ya veranda, na hapo ndipo Everlyne alipokuwa amelowesha nguo nyeupe ndani ya beseni, pamoja na joho lake la kwaya. Vikatumbukia, vikaogelea na kutoka vikiwa hoi.

Vifaranga vyote sita vi hai. Nimemweleza Everlyne hilo mara tatu. Haonekani kulipa uzito.

Mikono yangu ni zambarau hadi kwenye viwiko. Nimejaribu sabuni, limau, mchanga, mafuta ya taa. Haitoki.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Zamu yangu ya kupitisha kikapu cha sadaka. Nilimwomba Mzee Barnabas, mkuu wa wahudumu, anibadilishie. Amesema haiwezekani, wawili wanaumwa.

Nikavaa shati la mikono mirefu. Lakini kikapu hakipitishwi kwa viwiko. Safu ya kwanza walitazama mikono yangu. Safu ya pili wakanong'onezana. Mbele kule Everlyne alikuwa amesimama na kwaya, joho lake lina madoa ya zambarau ubavuni kama ramani, uso wake hauna kitu chochote. Yule mwanamke ni shujaa, sikatai.

Baada ya ibada Mzee Barnabas akanivuta pembeni. Nikajua nimekwisha. Akanishika mkono ule wa zambarau kwa mikono yake miwili, macho yamelowa, akasema miaka mingi hajaona mtu wa Tudor akiivaa rangi ya Kwaresima kwenye ngozi yake mwenyewe. Akaniuliza ni nadhiri?

Nikainamisha kichwa. Sikusema ndiyo. Sikusema la.

Wiki ijayo nitasoma somo la kwanza.

Everlyne hakuzungumza nami hadi tulipofika nyumbani. Hapo akasema neno moja, "Nadhiri," akaingia jikoni akafunga mlango. Nilisikia kicheko. Nadhani ni kicheko.

Jumanne, 15 Aprili

Siku mbaya. Naiandika kama ilivyokuwa.

Matikiti yangu yalikuwa yameota! Mashimo thelathini na moja kati ya arobaini, kila moja na majani mawili ya mviringo. Nilimwita Odera aje aone. Alikuja, akachutama, akayasifu kwa moyo. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba wiki hii ni bamvua, bahari itapanda sana, niuangalie ukuta. Nikamwambia ahsante, jirani, mimi nimefanya kazi bandarini.

Saa saba mvua ikamwagika. Maji yakashuka mteremko wote na kusimama kwangu, maana ukuta uliyazuia. Miche ikaanza kuelea. Sasa mtu afanye nini? Akae atazame? Nikachukua mtaimbo nikatoboa ukuta. Tundu dogo tu, upana wa mlango wa kabati. Maji yakatoka mbio kuelekea mikokoni. Nikapiga kelele za ushindi. Nilisimama pale na mtaimbo begani nikasubiri watu wanione.

Iliyoniona ni bahari. Dakika chache tu, maji yale yakasimama, yakafikiri, yakageuka. Yakarudi kupitia tundu lile lile, ya chumvi, na vijiti vya mikoko, na kiatu kimoja cha mpira. Nikajaza tundu kwa mawe, kwa gunia, kwa mgongo wangu mwenyewe. Everlyne alishuka akikimbia, akaingia maji ya kiunoni, tukasukuma mawe pamoja. Odera akaruka ua, umri wake ule, akaja na mbao. Hadi maji yalipokupwa tulikuwa bado tumeegemea pale watatu, kama watu wanaozuia mlango.

Miche yote imekwisha. Majani yamekuwa ya njano, ukigusa yanateleza.

Nusu ya Everlyne haikupoteza hata mche mmoja. Maji yalizunguka mistari yake iliyopinda, yakanywewa.

Dada hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni akaniuliza kama nimeumia. Afadhali angenigombeza.

Ukuta wa Baba nimeujenga upya kwa mikono yangu. Mikono bado ni zambarau.

Jumamosi, 19 Aprili

Siku tatu nilinyamaza. Leo nimerudi uwanjani. Mimea imenisaliti, basi nageukia mifugo!

Mbuzi wetu yule jike amenenepa mno. Halali vizuri, anahema, hafanyi lolote. Nikajua mara moja: hana mume. Nitazalisha mbuzi, ukoo mzima wa mbuzi, Dada aone mikia. Nilivuka hadi Majengo kwa Mzamil, muuza kuku na mbuzi, mwenye beberu aliyesifiwa mtaa mzima. Mzamil akanikaribisha kwa salamu ndefu, akaniuliza hali, nyumba, wazee, mvua, ndipo akamtoa. Beberu mweusi, ndevu hadi magotini. "Huyu hana mpinzani, yakhe," akaniambia. "Wamtaka kwa siku ngapi?" Nikasema moja.

Tukampakia kwenye tuktuk. Dereva alikubali, lakini baada ya kona mbili akajuta. Harufu! Nilipofika Tudor watu walikuwa wakinipisha barabarani kama balozi.

Nilimfungulia bandani. Mbuzi wetu akamtazama beberu mara moja, akampiga kichwa cha mbavu. Beberu hakujali. Aligeuka, akaona ua wa Odera, akaupita kama haupo. Mistari miwili ya mahindi imekwenda kabla sijapata kamba. Mahindi ya kiunoni sasa, yaliyokuwa yanaanza kuchanua. Aliyang'oa na kuyatafuna huku akinitazama.

Dada alitoka aliposikia kelele. Akampapasa mbuzi wetu tumboni, kisha akaniuliza nimemleta huyo mgeni kwa kazi gani. Nikamweleza. Alikaa chini kabisa, kwenye tope.

"Lennox, mdogo wangu. Mbuzi huyu ana mimba ya miezi mitano. Juma lijalo azaa. Wewe ulidhani amekula nini?"

Mzamil alikuja kumchukua beberu wake jioni. Aliposikia habari alinishika bega, akasema hayo huwapata hata wajuzi. Ni uungwana tu. Nilimjibu kwamba mbuzi jike alificha.

Everlyne alikwenda kwa Odera na bakuli la mahamri kumwomba radhi kwa niaba ya nyumba. Mimi sikwenda. Ua ule ulikuwa dhaifu, kila mtu ajua. Lakini nilichungulia dirishani nikamwona Odera amesimama kati ya mahindi yaliyovunjika, anaokota moja moja, anayapanga kama mtu anayekunja nguo. Nikaachia pazia.

Jumatano, 23 Aprili

Zimebaki siku nne. Nimekuja na jambo ambalo sikulipenda kulifikiria, lakini lilikuja lenyewe.

Dada haoni vizuri.

Asubuhi nilikwenda Marikiti nikachagua matikiti matatu, ya mviringo, yenye mistari mizuri. Nikayaficha ndani ya gunia. Everlyne alikuwa juu akichuma majani ya kunde, kunde zake sasa zimefunika mawe yote, ukipita huoni ardhi. Nikateremka kwa kuinama. Nikayapanga kwenye tuta namba kumi na mbili, kumi na tatu na kumi na nane, nikayafunika nusu kwa udongo na majani ya jirani, ili yaonekane yana aibu.

Kisha nikamwongoza Dada kwa mkono. Nikamwambia nina kitu cha kumwonyesha. Akachutama kwa shida, magoti yake. Akapapasa. Akagonga kwa kidole, akasikiliza. Akanusa.

Akaniuliza nilipanda lini. Nikasema siku kumi na sita zilizopita. Mbegu ya kisasa.

Akasema, "Ina hata stika."

Nilibaki nimeinama pale pale. Dada akainua uso wake, macho yale yenye maziwa, akanitazama karibu na sikio. "Ni macho yangu yaliyoingia ukungu, Lennox. Si akili."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejibu.

Kisha akaniomba kisu. Akalipasua lile la namba kumi na tatu, akamwita Everlyne, akamwita na Odera, tukala wote wanne tumesimama juu ya tuta. Tamu, lazima niseme. Everlyne alikuwa akitazama bahari, mabega yanamtetemeka. Odera alitema mbegu, akafuta mdomo, akasema kwa makini kwamba kweli mbegu hii ni ya mbio sana. Baada ya yote niliyomfanyia, akanisitiri.

Mtu huyu ananichosha.

Ijumaa, 25 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nina damu kwenye saa.

Everlyne alimpeleka Dada zahanati kwa ukaguzi wa macho kabla ya safari. Nilibaki peke yangu. Mvua nyingi. Saa tano nikasikia mbuzi analia, si kilio cha njaa. Nikaenda bandani. Amelala ubavu, anasukuma, na nyuma kumetokeza pua moja na kwato moja. Kisha hakuna kingine. Alisukuma, hakuna. Nikampigia Everlyne, simu haishikwi. Nikampigia tena. Mbuzi akanitazama. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama vile, hata mabosi wangu.

Nikaenda kwenye ua nikaita, "Odera! Jirani! Njoo!"

Alikuja bila viatu. Akachutama, akatazama, akasema mguu mmoja umekunjika ndani, mtoto amekwama. Akaingiza vidole, akavitoa. Akanionyesha mkono wake: mpana kama sepetu, mkono wa kufunga mataruma ya reli. Hauingii. Akatazama wangu. Mkono wa karani.

Nikasema siwezi. Nikasema mimi ni wa karatasi. Akasema, "Bwana Thoya, atakufa yeye na mwanawe. Osha mkono."

Nikaosha. Akanimiminia mafuta ya nazi. Akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, hatua moja baada ya nyingine, msukume kichwa arudi kidogo, usimwogope, sasa pita chini ya shingo, tafuta goti. Niliingiza mkono ndani ya joto lile nikafumba macho. Hakuna kitu. Hakuna. Kisha kitu kidogo kama fundo la kamba. Goti! Akasema fuata chini, ifunike kwato kwa kiganja isimchane mama. Nikaifunika. Ilikuwa laini. Nikaivuta taratibu, na nikaisikia inanyooka mkononi mwangu, kama mtu anayekunjua mkono usingizini.

Mbuzi akasukuma, na mtoto akanitokea mapajani.

Hapumui. Odera akamfuta pua kwa kipande cha nyasi, akamsugua kifua kwa shati lake mwenyewe. Hapumui. Nilisikia mtu anasema tafadhali, tafadhali, nikagundua ni mimi. Kisha yule mtoto akapiga chafya.

Wa pili alikuja peke yake kabla hatujainuka.

Tulikaa kwenye majani, migongo ukutani, mvua inapiga bati, mbuzi anawaramba wanawe wote wawili. Nilikuwa nimelowa uso. Ni mvua, paa linavuja. Nilitaka kumwambia Odera jambo kuhusu yale mahindi. Nililipanga vizuri kichwani, maneno mazuri. Nikafungua mdomo nikamwambia ua wake unataka kutengenezwa.

Akakohoa. Akasema, "Tutautengeneza."

Jumapili, 27 Aprili

Siku ya kukabidhi. Everlyne alipika majani ya kunde kwa tui, na sima. Kunde kutoka kwenye mawe! Nilikula sahani mbili ili nizikague.

Baada ya chakula Dada akautoa ufunguo shingoni. Nilikuwa nimevaa koti. Nilikuwa na maneno machache ya kushukuru, kurasa mbili.

Akampa Everlyne.

Everlyne aliupokea kwa mikono miwili akalia. Akasema hakutaka kushindana, alitaka tu gereji isije. Dada akasema ndiyo maana. Kisha akaniita mimi. Akanishika mikono, akaipapasa kila kidole, polepole, kama mtu anayesoma. Rangi bado ipo kwenye kucha. Akasema Odera amemweleza ya Ijumaa. Akasema mikono hii ni ya Mama yetu, aliyewazalisha mbuzi wa mtaa mzima, na hakujua imekwenda wapi. Basi mbuzi wote ni wangu, tangu leo. Everlyne akaongeza kwamba na ile nusu ya chini niitumie nitakavyo, ila ukuta tu.

Nilitoka nje kidogo. Kulikuwa na vumbi. Baada ya mvua ya wiki tatu, ndiyo, vumbi.

Nimetafakari na naandika hapa kwa ajili ya kumbukumbu: mashindano hayakuwa ya haki. Everlyne alipewa mawe. Mawe yanamsaidia mkulima, kila mtu ajua hilo. Aliyepewa tambarare ndiye aliyeonewa. Isitoshe, aliyezalisha mbuzi ni nani? Bila mimi wangekuwa wamekufa watatu. Kwa hiyo, ukitazama kwa utulivu, nimeshinda. Nimeshinda bila ufunguo, jambo lililo gumu zaidi.

Jumatatu, 28 Aprili

Tumemsindikiza Dada hadi kwenye gari la Kilifi. Alinikumbatia muda mrefu. Akaniambia nisikilize ninapoambiwa. Nikasema nimesikia.

Everlyne akaenda zake shuleni, muhula umefunguliwa. Mimi nikarudi kwa njia ya ufukweni, nikitembea kama mtu mwenye mifugo. Hapo nikakutana na bwana mmoja, Nicodemus, anatoka mikokoni na gunia linalocheza. Kaa! Wakubwa, makucha kama koleo. Akaniambia hoteli zinawagombania, lakini wawe wanene, na hawa bado wana njaa. Nikamwuliza wanakula nini. Akasema chochote. Nikamwuliza kwa nini basi yeye mwenyewe hawanenepeshi. Akasema mkewe hataki. Masikini!

Hajui kitu huyo mke. Nimewachukua wote, ishirini na wawili. Nicodemus aliniambia nisiwafungue kamba za makucha kabla sijawajengea mahali. Nimezifungua. Mnyama aliyefungwa hanenepi, hata mtoto ajua. Nimewaweka ndani ya pipa bafuni, kwa muda tu, na maji na maganda ya mihogo. Wamepokea vizuri sana. Walikuwa wakipandana ili wanitazame.

Saa kumi. Everlyne amerudi, nguo zimejaa chaki, watoto wa darasa la pili wamemchosha, anataka kuoga. Nimemwambia asubiri kidogo, apumzike, anywe chai, asimulie siku yake. Akaniuliza kwa nini nimemletea chai bila kuombwa. Nikasema ni mapenzi. Akachukua taulo.

Nimesikia kitasa. Nimesikia ndoo inaanguka. Nimesikia jina langu lote, mpaka la babu.

Pipa lilikuwa dogo, basi. Kesho nanunua kubwa.